Kila Kitu Kipite Motoni

4 Machi

Dada yangu,

Kabla hujauliza: mimi mzima, baba mtoto mzima, mama mkwe mzima na ulimi wake mzima. Aliyenifanya nishike kalamu ni mwanangu, Bwana Mkubwa.

Unakumbuka ulivyomwona mara ya mwisho, mashavu yamejaa hadi macho yanatafutwa. Sasa ana mwaka umepita kidogo, na miguu haitaki. Nikimsogelea kumbadilisha nepi analia kabla sijamgusa, kana kwamba kilio kinatangulia maumivu. Analala amekunja miguu kama chura na hataki mtu amnyooshe. Fizi zimevimba, zimekuwa rangi ya zambarau, na juzi niliona damu kwenye kijiko.

Daktari wa watoto alimbonyeza goti, akamchungulia kinywani, akasema mwili umepungukiwa vitamini C. Apewe matone kila siku, na baada ya muda mfupi nitamwona anasimama. Basi wifi yangu, yule dada wa mume wangu mwenye duka la dawa pale kona, akanipa chupa na kukataa hela. Alisema, "Baba'angu hanunui dawa kwangu." Humwita mtoto hivyo kwa sababu eti kachukua sura ya baba yao. Chupa zote za dukani kwake huzitia doa la rangi ya kucha nyekundu chini, kitakoni, mtu asije akamrudishia chupa ya duka jingine akasema ni yake. Mume wangu humtania kwamba hata dawa zake zinakwenda saluni.

Dada, chupa inakaribia kwisha na mtoto ni yule yule. Hapana, si yule yule, amezidi. Na mimi sijaruka hata siku moja. Tangu mtoto alipougua tumbo, muuguzi wa kliniki alitufundisha sisi kina mama kwamba kila kinachoingia kinywani mwa mtoto kipite motoni kwanza. Mimi nimelishika neno hilo. Kwangu hakuna kisichopita motoni. Muuguzi alinisifu mbele ya wenzangu, nikatembea siku nzima kama nimevalishwa taji.

Jirani yetu, fundi cherehani, ameniambia siku hizi matone mengine ni maji ya sukari yaliyotiwa rangi. Neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Ndipo nikakukumbuka wewe. Siku ya harusi yangu ulinieleza kwamba kazi yako ni kupima vitamini kwenye maji kwa umeme, nikacheka nikidhani umezidiwa na furaha. Nimekuwekea kilichobaki ndani ya chupa yake yenyewe, nimeifuta vizuri. Nipimie. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo, na ya mume wangu sitaki kuitumia, asije akasikia namshuku dada yake.

Ninaamini atasimama. Nimeshamnunulia viatu.

Mdogo wako,
Kitinda Mimba

*

15 Machi

Kitinda,

Nimepima. Nakueleza kwa lugha ya jikoni usije ukadhani nimekisia.

Nina kikombe kidogo kama cha kahawa. Natia ndani maji yenye chumvi maalumu, natia matone yako, natumbukiza vijiti vitatu vilivyofungwa nyaya za chombo cha kupimia. Kijiti kimoja kina ncha ya kaboni, ndogo kama kichwa cha msumari. Hiyo naisugua kwa unga laini juu ya kitambaa, inazunguka na kuzunguka mpaka ing'ae, maana ikiwa chafu haioni. Kisha napandisha nguvu ya umeme polepole. Vitamini C ni mkarimu kuliko zote: ukiigusa kwa umeme kidogo tu inatoa ilichonacho, na kwenye kioo cha chombo mstari unapanda kama mlima. Mahali mlima unapoota ndipo unapoijua ni vitamini gani. Kimo chake ndicho kinachokwambia ipo kiasi gani.

Kwenye matone yako hakikuota hata kichuguu.

Nikadhani ncha imelala. Nikaisugua upya, nikarudia, mstari ukalala chali. Nikatia humo humo tone la vitamini C yangu ninayoijua, mlima ukasimama palepale unapostahili. Kwa hiyo ncha nzima, kikombe kizima, na mimi mzima. Chupa ndiyo tupu. Mdogo wangu, mnampa mtoto maji matamu.

Watu hudanganya. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa hudanganya. Umeme haudanganyi. Huyo wifi yako anayempenda mtoto mpaka anakataa hela, sasa unajua kwa nini alizikataa. Anayekupa bure anajua anachokupa.

Mpe mtoto maji ya machungwa. Na barua hii ichome ukishaisoma. Chombo ni cha kiwanda, na mkuu wa maabara hajui kwamba nimekitumia kwa chupa ya nyumbani.

Dada

*

27 Machi

Dada yangu,

Sikuichoma. Nisamehe. Nilitaka kuisoma tena pale pa mlima, nikaiweka chini ya godoro la mtoto. Mume wangu alikwenda kumbadilishia shuka, unajua anavyopenda kunisaidia, akaikuta.

Aliisoma akiwa amesimama. Alivaa viatu, akatoka nayo. Mimi nikamfunga mtoto mgongoni na kumfuata, huku mtoto analia kila ninapokanyaga.

Nilipofika, duka lilikuwa limejaa. Alikuwa amesimama mbele ya kaunta anasoma kwa sauti. Yule mwanamume ambaye kwenye vikao vya ukoo hujificha nyuma ya wengine asiombwe kusema, alisoma neno kwa neno. Kichuguu, mstari kulala chali, maji matamu, yote. Alipofika kwenye anayekupa bure anajua anachokupa, alirudia mara mbili. Mzee mmoja aliyekuwa na dawa ya kifua mkononi akairudisha juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Wifi aliichukua barua, akaisoma mwenyewe kimya, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Nilidhani atapiga kelele. Aliniangalia mimi, si kaka yake, akauliza, "Mtoto miguu vipi leo?" Sikujibu. Dada, sikumjibu.

Baada ya hapo neno lilikimbia lenyewe. Watu walimrudishia chupa, hata za dawa ya kikohozi zilizobaki robo. Wakaguzi wa dawa wakaja, wakabeba makasha, wakafunga mlango kwa kufuli lao na karatasi yenye mhuri. Walisema majibu yatatoka. Mama mkwe hali chakula vizuri. Anasema amezaa fundi friji asiye na friji na binti anayeuza maji, na mwanamke mwingine angekwishakufa kwa aibu.

Bwana Mkubwa bado. Machungwa anayapenda. Nakamua, nachuja, nachemsha vizuri hadi povu litoke, nampa kwa kijiko. Nadhani jana alinyoosha mguu mmoja kidogo, au labda nilitaka kuona hivyo.

Umetuokoa, Dada. Bila wewe ningeendelea kumpa yale maji mpaka lini.

Mdogo wako,
Kitinda Mimba

*

5 Aprili

Kwa dada wa mke wa kaka yangu,

Anwani yako ilikuwa nyuma ya bahasha ambayo kaka yangu aliiacha juu ya kaunta.

Ninakutumia chupa mbili. Zilikuwa nyumbani kwangu, wakaguzi hawakuziona. Zimetoka kwenye kasha lilelile la chupa niliyompa wifi yangu. Hazijafunguliwa, nimezizungushia gazeti na kitambaa cheusi, kama mtu aliyeniuzia alivyonifundisha.

Sijui umeme wako wala milima yako. Zipime. Ukikuta ni maji, niandikie ni maji, nami nitajua nimeibiwa na mimi nikawaibia wengine. Ukikuta ni dawa, niandikie ni dawa. Sitaki neno lingine la ziada.

Duka sikuulizi. Ninauliza kwa ajili ya yule mtoto, maana kama si dawa yangu inayomlaza, basi kuna kingine kinachomlaza, na nyote mmeacha kukitafuta.

Wifi wa mdogo wako

*

14 Aprili

Kitinda,

Barua fupi, nina kazi nyingi. Niandikie matone ya wifi yako ulikuwa unayatumiaje. Tangu unapofungua chupa mpaka yanapoingia kinywani mwa mtoto. Ulikuwa unaiweka wapi, unayashika vipi, usiache kitu hata kama unaona ni cha kipuuzi.

Usinijibu kwa kujitetea. Nataka kujua tu.

Dada

*

20 Aprili

Dada yangu,

Nijitetee nini? Hilo ndilo jambo ninalolifanya vizuri kuliko yote nyumbani humu, hata mama mkwe hajanitoa kasoro, na yeye humtoa kasoro hata jogoo kwa kuwika.

Nikishafungua chupa naimimina yote kwenye kile kisufuria cha shaba cha bibi, ambacho wewe ulikikataa ukasema kizito. Naisugua shaba kwanza kwa majivu mpaka inawaka. Naweka jikoni, naacha ichemke mpaka povu litulie. Kisha naimimina kwenye chupa nyeupe ya kioo ambayo nayo nimeichemsha, maana ile yake ya kahawia huoni ndani, huwezi kujua kama kumeingia uchafu. Naiweka dirishani. Muuguzi alisema jua nalo linaua vijidudu. Asubuhi jua likipita ndani ya chupa linaangusha rangi ya machungwa ukutani, na Bwana Mkubwa anaifukuza kwa kidole. Ndio mchezo wake pekee usiotaka miguu. Kila baada ya siku chache naipasha tena moto kwa tahadhari. Wakati wa kumpa nachanganya na maziwa ya moto, yanapoa kidogo, anakunywa.

Ile niliyokuletea niliirudisha kwenye chupa yake ya dukani. Niliona haya kupeleka maabara kitu kwenye chupa ya jikoni.

Mbona unauliza? Kuna jambo? Barua yako ilikuwa ya baridi, nimeisoma kama ya mtu wa benki. Mtoto hali si nzuri. Sasa hata kukaa hataki, na goti la kushoto limevimba. Mume wangu ameacha kurekebisha friji za watu, anakaa tu karibu naye kumpepea.

Niandikie haraka.

Kitinda Mimba

*

29 Aprili

Kitinda wangu,

Ndani ya kifurushi hiki kuna chupa ya matone. Nimeyapata huku. Ni ya aina nyingine, na aina hii haipendi moto. Nisikilize vizuri: usiichemshe. Usiimimine kwenye chombo kingine chochote. Iache kwenye chupa yake ya kahawia, iweke kabatini gizani, mpe mtoto matone yakiwa baridi, moja kwa moja kutoka kwenye kitoneshi. Na maji ya machungwa kamua mpe palepale, mabichi. Osha mikono yako na chungwa lenyewe kwa maji safi, inatosha. Muuguzi alisema kweli kuhusu maji na maziwa, lakini si kuhusu hivi.

Karatasi ya chupa ilibanduka kwa unyevu, usihangaike nayo.

Ya wifi yako yaacheni yapite. Maji yakimwagika hayazoleki. Shughulika na mtoto.

Nakupenda, ujue.

Dada

*

16 Mei

Dada yangu,

Alisimama.

Nilitaka kuanza na hilo ili hata usiposoma zaidi uwe nalo. Siku za kwanza aliacha kulia nikimshika. Kisha fizi zikarudi kuwa nyekundu ya kawaida. Kisha akala mwenyewe, akanyang'anya kijiko. Juzi nilikuwa nafagia, nikasikia kimya kile cha mtoto anayefanya jambo, nikageuka. Alikuwa ameshikilia friji mbovu iliyoko pale ukumbini, ile ambayo mwenyewe hajaja kuichukua tangu tuoane, amesimama kwa miguu yake miwili anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Akaniangalia kwa hasira, kama nimechelewa. Mume wangu alikwenda uani akakaa huko muda mrefu, aliporudi alisema moshi ulimwingia machoni. Hakukuwa na moto.

Nikawaza kuiosha ile chupa, imekwisha, niitunze kama ukumbusho. Nilikuwa naisugua kwa nje. Nikaigeuza.

Dada, kitakoni kuna doa la rangi ya kucha.

Nililisugua nikidhani limetoka kwenye kidole cha mtu. Halitoki. Ni lile lile. Nimekaa nalo siku nzima sijamwambia mtu. Umesema umeyapata huko. Umesema ni ya aina nyingine. Karatasi haikubanduka kwa unyevu, ina alama za kisu.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini sikuacha kufikiri. Kama chupa hii ni ya wifi, na chupa ile ilikuwa ya wifi, na hii imemsimamisha mtoto wangu na ile haikumsimamisha, basi kilichobadilika katikati ni mimi na jiko langu. Niambie nimefanya nini. Usiniandikie kama mgonjwa.

Kitinda Mimba

*

24 Mei

Kitinda,

Karatasi niliikwangua. Doa nililisahau. Uliniandikia habari zake mara moja, na mimi siku ile nilikuwa nasoma ya miguu tu.

Wifi yako alinitumia chupa mbili. Moja nilipima. Mlima uliota mrefu kuliko nilivyoona mwaka huu, ilinibidi niizimue mara kadhaa ndipo uenee kwenye kioo. Nyingine nilikuletea wewe.

Nilikwambia vitamini hii ni mkarimu. Huo ndio ubaya wake. Haichagui wa kumpa. Inautolea umeme wangu, lakini inaitolea hewa vilevile, na jua, na moto, na shaba ndiyo inaiharakisha kuliko vyote, hasa ikiwa imesuguliwa ikang'aa. Wewe uliiweka mbele ya wote hao kwa zamu, kisha ukairudisha kwenye chupa ya dukani na kuniuliza kama imo. Haikuwemo. Chombo hakikudanganya. Kinajibu kile tu unachokiuliza, na mimi nilikiuliza chupa hii ina nini leo, sikukiuliza ilikuwa na nini jana. Wa kuulizwa hilo ulikuwa wewe, na sikukuuliza. Nilikuwa na haraka ya kuwa na haki.

Sasa nikwambie kwa nini nilinyamaza. Uliona walichomfanyia wifi yako, na yeye ni damu yao. Wewe ni wa kuja. Mama mkwe wako angesema mpaka mjukuu anaoa kwamba ulipika dawa ya mtoto ukampa makapi. Na mimi, nikimwandikia wifi yako kwa jina na sahihi, wakaguzi watauliza nimepimia wapi na kwa ruhusa ya nani, nami nitaikosa kazi. Nilipima kwa mizani, nikaona mtu mmoja amekwisha kuumia na wawili hawajaumia.

Mtoto anasimama. Liache hapo. Nakuomba kama dada, na kama mtu aliyekufunga nepi.

Dada

*

2 Juni

Wifi yangu,

Najua hutaki kuona mwandiko wangu, lakini huu wa leo usome.

Matone yako yalikuwa dawa. Dada yangu alipima ile chupa uliyomtumia, akaikuta imejaa. Nyingine alinitumia mimi bila kuniambia ni yako, na hiyo ndiyo iliyomsimamisha Bwana Mkubwa. Chupa ya kwanza niliiua mimi. Niliichemsha kwenye shaba, nikaianika juani, kwa mapenzi, nikidhani naisafisha. Wewe hukuuza maji. Mimi ndiye niliyeifanya maji.

Nilimwambia kaka yako. Alisema, "Basi yaishe, usimwambie mtu." Nikamwambia mama. Yeye alinishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema nimfikirie mwanawe atapita wapi baada ya kusoma vile mbele za watu, na kwamba wewe aliyekwisha kukuita mwizi amekwisha kukuita, umeshazoea. Alilia wakati anasema. Lakini alisema.

Dada yangu naye ameniambia niache. Wote wananipenda mimi, wifi, na mapenzi yao yote yamekaa juu ya mgongo wako.

Njoo nyumbani. Mtoto anatembea akishika ukuta. Njoo umwone, nitakupigia magoti.

Wifi yako

*

13 Juni

Wifi,

Barua yako nimeipata nikifunga mizigo. Majibu ya wakaguzi hayajatoka na hayatatoka, wamenirudishia ufunguo tu. Mwenye nyumba alishampa mtu mwingine lile duka. Anauza vyombo vya plastiki. Ninakwenda kwa rafiki yangu wa zamani, mbali, ana duka dogo na hajasikia habari zangu.

Nimefurahi baba'angu amesimama. Hilo ninalisema kwa moyo mmoja, usilitafutie kitu ndani yake.

Magoti sitaki. Nitayafanyia nini? Nina moja tu la kukwambia. Barua ya dada yako ilisomwa dukani kwangu, mchana, kwa sauti, mbele ya watu niliowapima homa za watoto wao. Yako umeniletea ndani ya bahasha, umeilamba gundi, umeifunga. Kunivua nguo mlinivua hadharani. Kunivisha mnataka kunivisha chumbani.

Ninakurudishia. Imo humu ndani, sijaikunja vibaya. Kama maneno yake ni ya kweli, yapelekwe yalikosemwa yale ya uongo.

Sina hasira na mtoto. Akikua mwambieni alikuwa na shangazi.

Aliyekuwa wifi yako wa duka la kona

*

21 Juni

Dada,

Ninakuandikia ujue, si kwa kukuomba ruhusa. Jina lako sikulitaja na kiwanda chako sikukitaja. Nilisema mtu mmoja mwenye ujuzi alipima. Kazi yako ipo, ulale.

Barua niliyomwandikia wifi, naye akanirudishia, nilimpa mume wangu kwanza. Nilimwambia wewe ndiye uliyeisoma ile, isome na hii. Aliishika, akasema kichwa kinamuuma, akaiweka juu ya friji mbovu akaingia ndani. Mama mkwe alisimama mlangoni akaniambia nikitoka na karatasi ile nisirudi na jina lake. Nikamjibu jina lake sijawahi kulibeba, lina uzito. Nilimvalisha Bwana Mkubwa vile viatu. Nusura visimwenee, amekua bila kuvivaa.

Pale kona pamepakwa rangi mpya. Beseni zimepangwa mpaka barabarani, nyekundu, bluu, moja ndani ya nyingine, na pale ilipokuwa kaunta ameweka ndoo. Mwenye duka hakuwepo, alikuwepo msichana wake anayesuka nywele. Nikamwomba nisimame pale kidogo. Akasema simama, njia si yangu.

Nilidhani watakuwepo wale wa siku ile. Yule mzee wa dawa ya kifua, jirani yetu fundi cherehani, mtu yeyote. Hakuna niliyemjua ila muuza vocha, na yeye alikuwa anabishana na mteja. Nikafungua karatasi nikaanza kusoma. Sauti ilitoka ndogo, nikaikaza. Nilisoma matone yalikuwa dawa. Nilisoma niliiua mimi. Bwana Mkubwa alikuwa amesimama ameshika ukingo wa beseni, anaipiga makofi, na kila nikifika mahali pagumu anapiga zaidi.

Watu walipita. Mmoja alipunguza mwendo, akatazama kama nimechanganyikiwa, akaongeza. Nilipofika kwenye wewe hukuuza maji, mama mmoja akasimama mbele yangu kabisa. Nikajua huyu anakumbuka, huyu alikuwepo. Alinisubiri nimalize mstari, kwa adabu, kisha akauliza ile beseni kubwa aliyoishika mtoto ni bei gani.

Nikamwambia mimi siuzi. Nikaanza tena kutoka juu.

Kitinda Mimba